TENGENEZA TELA LAKO MWENYEWE
Mafunzo kutoka kwa wafanyakazi wanaoishi juu ya magurudumu



Kila mmoja wetu anayefanya kazi shambani analijua tela. Ndilo linalobeba miwa hadi kwenye mashine, ndilo linalopeleka magunia ya majani mabichi ya chai kiwandani, na mara nyingine, kinyume cha usalama, ndilo linalotubeba sisi wenyewe alfajiri. Tukisikia neno hilo hatufikirii kitanda, jiko wala pazia la dirishani. Lakini huko Marekani wako watu wengi, wafanyakazi na wastaafu, ambao tela ndiyo nyumba yao. Wanalala humo, wanapika humo, na kazi ikiisha mahali pamoja wanalifunga nyuma ya gari na kwenda kutafuta kazi nyingine.

Makala haya yanaeleza jinsi watu hao wanavyolitengeneza tela lao kwa mikono yao badala ya kulipeleka kwa wakala aliyewauzia. Msomaji atauliza: linatuhusu nini? Linatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, ekseli, beringi na nati za tela la nyumba hazitofautiani sana na zile za tela la miwa. Anayejifunza kulitunza moja amejifunza kulitunza na lingine. Pili, ndani ya jambo hili limo swali ambalo mfanyakazi wa nchi yoyote hulikuta: nani mwenye haki ya kujua chombo kinavyofanya kazi, na nani anayelipa pale ujuzi huo unapofichwa?

TELA LA NYUMBA LILIVYOANZA

Biashara ya matela haya ilianza na watu waliojitengenezea wenyewe. Katika miaka ya 1920, Wally Byam wa Los Angeles alikuwa mchapishaji wa magazeti. Gazeti lake moja lilitoa maelezo ya namna ya kujijengea tela la kulala. Wasomaji wakajaribu, wakashindwa, wakaandika barua za malalamiko kwamba maelezo yale yana makosa. Byam akaamua kulijenga yeye mwenyewe uani kwake ili aone kosa liko wapi. Akaanza kuuza michoro iliyosahihishwa, kisha akauza matela yenyewe, na mwaka 1931 akaanzisha kampuni ya Airstream, ambayo matela yake ya bati la alumini linalong'aa yanajulikana mpaka leo.

Matela hayo yaliwahi kupita kwetu. Mwaka 1959 Byam aliongoza msafara wa matela 41 kutoka Cape Town kwenda Cairo. Walipita Kongo, iliyokuwa bado chini ya Wabelgiji, wakapita Uganda, Kenya na Ethiopia, wakafika Misri mwaka 1960. Wazee waliokuwa watoto wakati ule kando ya barabara hizo huenda wanakumbuka nyumba za fedha zikivutwa katika vumbi. Katika safari kama ile hapakuwa na wakala wa kumkimbilia. Kilichovunjika kilitengenezwa palepale matopeni, na waliokuwa na spana mkononi.

KWA NINI TELA JIPYA LINAHARIBIKA

Leo sehemu kubwa ya matela ya Marekani hutengenezwa katika mji wa Elkhart na miji jirani, katika jimbo la Indiana. Miongoni mwa mafundi wa huko wamo Waamishi wengi, watu wa dini ambao wengi wao hawamiliki magari na huenda kazini kwa baiskeli au kwa kuchukuliwa na gari la mwingine. Hivyo nyumba ya magurudumu mara nyingine hujengwa na mtu ambaye mwenyewe husafiri kwa farasi.

Katika viwanda vingi vya eneo hilo malipo ni ya kipande. Kikosi kinalipwa kwa idadi ya matela yanayotoka mlangoni. Wachumaji wa chai wanaolipwa kwa kilo na wakata miwa wanaolipwa kwa tani wanaelewa mara moja maana yake. Mkono unakimbia. Skrubu inakosa ubao, gundi ya mshono inapakwa nyembamba, bomba la maji linakazwa nusu. Kosa hilo halitokani na uvivu wa mfanyakazi. Limo ndani ya mpango wa malipo, kwa kuwa anayesimama kukagua kazi yake anapunguza ujira wake na wa wenzake.

Kwa hiyo tela jipya mara nyingi humfikia mnunuzi likiwa na kasoro ndogo ndogo. Kisha linaanza kutembea, na kila kilomita ya barabara mbovu ni kama tetemeko dogo la ardhi kwa nyumba hiyo. Skrubu zinalegea, mishono inafunguka, nyaya zinasuguana na chuma. Nyumba ya kawaida haijui mateso hayo.

HESABU YA WAKALA

Wakala ana karakana, vipuri na mafundi. Katika karakana za Marekani saa moja ya kazi ya fundi hutozwa mara nyingi zaidi ya dola 100, mbali na vipuri. Sasa tulinganishe. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali kuu ya nchi hiyo ni dola 7.25 kwa saa, nacho hakijapanda tangu mwaka 2009, ingawa majimbo mengi yameweka kiwango cha juu zaidi. Mfanyakazi wa dola 7.25 anahitaji kufanya kazi takriban saa 14, kabla ya makato yoyote, ili alipe saa moja ya karakana. Wala fedha hiyo yote haiendi kwa fundi. Yeye hupata sehemu tu.

Gharama ya pili haiandikwi kwenye risiti, nayo ni muda. Wakati wa kiangazi karakana hujaa, na tela linaweza kukaa uani kwa wakala wiki nyingi. Kwa mtalii hilo ni usumbufu tu. Kwa mtu anayeishi ndani ya tela hilo ni kufukuzwa nyumbani kwake. Fikiria wafanyakazi wa msimu wanaokuja kila mwaka, karibu na tarehe 1 Oktoba, katika bonde la Mto Red, kwenye majimbo ya Minnesota na North Dakota, kuvuna viazi vya sukari. Wengi wao huja na matela yao. Zamu ni ya saa 12, mchana au usiku, na msimu huisha baada ya wiki chache. Gurudumu likichomoka njiani, au paa likivuja na kuharibu sakafu, mtu huyo amepoteza msimu pamoja na nyumba.

Ndiyo maana watu hawa wamejifunza kazi. Tueleze sasa kazi zenyewe, tukianza na ile inayookoa fedha nyingi kuliko zote.

KAZI YA KWANZA: KUZUIA MAJI

Adui mkubwa wa tela la nyumba ni maji ya mvua. Ukuta wake kwa kawaida ni fremu nyembamba ya mbao au alumini, katikati kuna kitu cha kuzuia joto na baridi, na nje kuna bati la alumini au karatasi ngumu ya faibaglasi. Tone likipita kwenye mshono wa paa, huteremka ndani ya ukuta bila kuonekana. Mbao zinaoza kwa miezi mingi kabla doa halijatokea. Siku doa linapoonekana, kazi ya gundi ya fedha kidogo imekuwa kazi ya kubomoa ukuta.

Kagua paa angalau mara mbili kwa mwaka, na baada ya kila safari ndefu. Fanya hivi:

1. Chagua siku kavu. Tumia ngazi imara, na kama paa halikujengwa kubeba mtu, usilikanyage; fanya kazi ukiwa kwenye ngazi, au tandika ubao mpana.

2. Osha paa kwa maji na sabuni laini. Usitumie petroli wala mafuta ya taa. Paa nyingi ni za mpira, na mafuta ya aina hiyo huuharibu.

3. Pitisha kidole kwenye kila mshono na kuzunguka kila kitu kinachotokeza: bomba la hewa, dirisha la juu, ngazi. Tafuta ufa, mahali palipoinuka, na mahali gundi imekauka kama udongo wa kiangazi.

4. Ondoa gundi iliyolegea tu, kwa kisu butu. Iliyoshika vizuri iache.

5. Paka gundi ya kuziba iliyotengenezwa kwa aina ya paa lako. Usipake silikoni ya dukani kwa sababu ni rahisi kuipata. Ikishapakwa, gundi nyingine haishiki juu yake, na yule atakayekuja kuziba tena ataanza kwa kukwangua kila kitu.

6. Ingia ndani, fungua kabati zote, bonyeza pembe za ukuta na dari kwa kidole gumba. Palipo laini pana maji. Pua nayo ni kipimo: harufu ya ukungu huja kabla ya doa.

Kazi yote hii huchukua asubuhi moja. Haihitaji chuo, inahitaji macho na uvumilivu.

KAZI YA PILI: BERINGI ZA MAGURUDUMU

Hapa tunaingia katika jambo linalohusu maisha ya watu. Gurudumu la tela huzunguka juu ya beringi mbili, ya ndani na ya nje, zilizojaa grisi. Grisi ikiisha, au maji yakiingia, chuma kinasugua chuma. Beringi inapata moto, inavunjika, na gurudumu zima linatoka. Gari la mbele lina dereva anayeweza kusikia mlio. Tela halina mtu wa kulisikiliza.

Watengenezaji wa ekseli wengi hushauri beringi zifunguliwe, zisafishwe na kupakwa grisi upya kila miezi 12 au kila maili 12,000, yaani karibu kilomita 19,000, lolote litakalotangulia. Hatua ni hizi:

1. Simamisha tela mahali tambarare na pagumu, likiwa limefungwa kwenye gari lake. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya upande wa pili. Legeza nati za gurudumu kabla ya kuinua.

2. Inua kwa jeki mahali ambapo mtengenezaji ameonyesha, kisha weka stendi ya chuma chini yake. Usifanye kazi chini ya chombo kilichoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Ile miguu midogo ya pembeni ya tela la nyumba ni ya kulituliza lisitikisike, haikuwekwa kwa kuinulia.

3. Ondoa gurudumu, kisha kifuniko cha vumbi. Nyoosha pini inayofunga nati kubwa na uichomoe. Fungua nati, toa washa na beringi ya nje, vuta habu taratibu. Geuza habu, toa sili ya grisi, na beringi ya ndani itatoka.

4. Osha beringi kwa mafuta ya taa mbali na moto na sigara. Ziache zikauke juu ya kitambaa safi. Usizikaushe kwa hewa ya kompresa huku zikizunguka. Kipande kinaweza kuruka na kumtoboa mtu jicho.

5. Zikague kwenye mwanga. Rangi ya buluu inaonyesha zilipata moto. Vishimo na mikwaruzo vinaonyesha zimekwisha. Beringi mbaya hutupwa pamoja na kikombe chake kilichomo ndani ya habu. Beringi mpya kwenye kikombe cha zamani haidumu.

6. Weka grisi safi ya beringi kwenye kiganja. Bonyeza ukingo mpana wa beringi ndani ya grisi mpaka itokeze upande wa pili, ukizungushe mpaka kila kijigurudumu kimejaa. Kupaka kwa nje tu ni kudanganya macho. Usichanganye grisi za aina mbili.

7. Rudisha beringi ya ndani, kisha weka sili mpya. Usirudishe ya zamani, hata kama inaonekana nzima. Angalia grisi isiguse sehemu za breki.

8. Rudisha habu, beringi ya nje, washa na nati. Kaza nati huku ukizungusha habu ili beringi zikae mahali pake. Kisha ilegeze bila kuzungusha habu, na uikaze tena kwa vidole tu. Weka pini mpya na ukunje ncha zake. Habu izunguke kwa wepesi bila kucheza.

9. Baada ya kilomita chache za kwanza simama, weka mkono karibu na kila habu. Uvuguvugu ni kawaida. Moja ikiwa na moto kuliko wenzake, usiendelee, fungua uone.

Niruhusuni niseme jambo nililoliona. Niliwahi kuwa msaidizi wa fundi katika karakana ya shamba moja la miwa. Katika msimu wa mavuno, pini za nati zilipokwisha ghala, tuliambiwa tutumie misumari. Jioni moja tela lililokuwa limebeba wakata miwa lilipoteza gurudumu kwenye mteremko. Mwenzetu mmoja alivunjika mguu, na hakurudi tena kwenye kazi ya kukata. Dereva ndiye aliyelaumiwa kwamba alikwenda kasi. Kamati ya wafanyakazi ilipoomba kuona habu ile ilifunguliwa lini mara ya mwisho, hapakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha. Hatukuwa na la kusema. Pini ya kufungia nati ni kitu cha bei ya sanduku la kiberiti.

KAZI YA TATU: MATAIRI NA NATI

Tairi la tela huzeeka likiwa limesimama. Jua hulipasua hata kama kashata zake bado ni nzuri. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne mwishoni mwa mstari wa herufi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 2319, tairi hilo lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wenye matela wengi hubadilisha tairi likifika miaka mitano au sita bila kungoja lipasuke. Tarakimu hizo ziko pia kwenye matairi mengi ya lori na ya matela ya shamba. Hakuna anayeweza kukuzuia kuzisoma.

Pima upepo asubuhi, tairi likiwa baridi. Tairi lenye upepo kidogo hupata joto, na joto ndilo linalolipasua. Nati za gurudumu zikazwe kwa kuruka, moja na ile inayoitazama, kamwe si kwa kuzunguka kama saa. Kama gurudumu limefunguliwa, zikaze upya baada ya kilomita kama 16, kisha 40, kisha 80, kwa sababu hujilegeza zinapokaa mahali pake.

Upakiaji nao una kanuni. Kwa tela la nyumba, uzito unaokaa kwenye ndoano ya gari uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela. Mzigo ukizidi nyuma, tela linaanza kuyumba kama mkia wa samaki, na mwendo ukiongezeka linaweza kulipindua gari lililolivuta.

BREKI, BETRI NA TAA

Matela mengi ya nyumba yana breki za umeme zinazoamriwa na gari. Pia kuna waya mdogo wa chuma uliofungwa kwenye gari: tela likichomoka, waya huvuta pini, na betri ya tela hufunga breki papo hapo. Betri ikiwa imekufa, usalama huo haupo. Hivyo kutunza betri ni kutunza breki. Safisha vichwa vyake, ongeza maji yaliyochujwa kwa mvuke kama ni betri ya kuongezwa maji, na unapoifungua anza na waya wa hasi.

Taa isipowaka, anza na jambo dogo: balbu, kisha fyuzi, kisha mahali waya wa ardhi unapofungwa kwenye fremu. Kutu hapo ndiyo chanzo cha matatizo mengi. Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine ya kipimo kilekile. Kuchomeka uzi wa shaba au karatasi ya sigara ni kuondoa mlinzi na kumfungulia moto mlango. Kama fyuzi mpya nayo inaungua, tafuta waya uliochubuka, usiongeze ukubwa wa fyuzi.

MAMBO YA KUMWACHIA FUNDI

Kujitegemea si kujidai kujua kila kitu. Wenye matela wenye busara wana orodha ya kazi wasizozigusa.

Gesi ya kupikia ni ya kwanza. Mwenye tela anaweza kupima kama inavuja kwa maji ya sabuni: mapovu yakitokea, anafunga mtungi, anatoka nje na kumwita fundi. Kamwe hapimi kwa kiberiti. Kutengeneza bomba au regulata ni kazi ya aliyesomea. Vilevile ni lazima kuwe na king'ora cha gesi ya sumu itokanayo na moto usiowaka vizuri. Gesi hiyo haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. King'ora kina tarehe ya mwisho, nayo isomwe.

Ya pili ni umeme mkubwa wa volti 120 unaoingia kutoka nje. Ule wa betri wa volti 12 unaweza kufundisha kwa cheche, huu mwingine hautoi nafasi ya somo la pili. Ya tatu ni ekseli iliyopinda na fremu iliyopasuka. Kuchomelea chuma kinachobeba uzito ni kazi ya mchomeleaji hodari, maana weldi mbaya huonekana nzuri mpaka siku inapoachia.

SHERIA INASEMAJE

Wauzaji wengine huwatisha wateja: ukifungua mwenyewe, dhamana imekwisha. Marekani wanayo sheria ya dhamana ya mwaka 1975, inayoitwa kwa majina ya wabunge wawili, Magnuson na Moss. Sheria hiyo inamkataza mtengenezaji kufuta dhamana kwa sababu tu mwenye chombo alikihudumia mahali pengine au alitumia kipuri cha kampuni nyingine, isipokuwa kama kipuri au huduma hiyo inatolewa bure, au mtengenezaji amepata ruhusa maalumu. Lakini kama uharibifu ulitokana na kazi mbaya ya mwenye chombo, mtengenezaji anaweza kukataa kuulipia.

Hapo pana mafunzo mawili. Kwanza, kasoro iliyotoka kiwandani, wakati dhamana ingali hai, irudishwe kwa wakala aitengeneze bure. Kuitengeneza mwenyewe ni kumsamehe deni lake. Pili, kwa kazi unazofanya mwenyewe, weka daftari. Andika tarehe, kazi, kipuri na kilomita, na hifadhi risiti. Siku ya mabishano, mwenye daftari ndiye anayesikilizwa.

Mapambano hayo yamefika mashambani. Mwaka 2023 jimbo la Colorado lilipitisha sheria ya haki ya wakulima kutengeneza mashine zao, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2024. Watengenezaji wa matrekta walikuwa wamefunga mitambo kwa programu za kompyuta, hata mkulima mwenye spana zote akashindwa kuliwasha trekta lake bila mtu wa kampuni. Sheria inawalazimisha kutoa maelezo, vipuri na vyombo vya kupimia kwa bei ya haki.

SISI TUNAJIFUNZA NINI

Matela tunayofanya nayo kazi si yetu. Hatuwezi kuyafungua tupendavyo, wala hatupaswi kufanya kazi ya karakana bila malipo ya karakana. Lakini macho ni yetu, na miguu inayopanda juu ya tela ni yetu. Kila tawi linaweza kuanza na mambo manne:

Kwanza, kusoma tarehe za matairi na kuziandika.

Pili, kuuliza kila tela lina daftari la matengenezo au halina, na beringi zake zilipakwa grisi lini. Kama halina, hilo liwe jambo la kwanza katika kikao kijacho cha kamati na mwajiri.

Tatu, kukataa pini ya msumari na fyuzi ya waya, kila mahali, bila kujali msimu unabana kiasi gani. Fundi aliyeamriwa kufanya hivyo asiachwe peke yake. Amri hiyo iandikwe, na jina la aliyeitoa liandikwe.

Nne, wale miongoni mwetu wanaojua kazi ya beringi, umeme au kuchomelea wawafundishe vijana baada ya kazi. Ujuzi ukikaa kichwani mwa mtu mmoja, mwajiri anaweza kuufukuza pamoja naye. Ukikaa katika vichwa kumi, umekuwa mali ya tawi.

Mwenye tela la Minnesota hupanda ngazi asubuhi na kupitisha kidole kwenye mshono wa paa, kwa kuwa anajua analala chini yake usiku huo. Nasi tunaopanda tela alfajiri tuna sababu ileile ya kuinama kidogo na kutazama nati ya gurudumu. Kuinama huko kunachukua nusu dakika. Rafiki yetu aliyevunjika mguu angeutoa mshahara wa mwaka mzima ili kuirudisha nusu dakika hiyo.